Nuru, Kivuli na Uso wa Mtu

Kazi nyingi za watu huitwa kwa jina la chombo kinachoonekana. Mvuvi hukumbukwa kwa wavu wake, mkulima kwa jembe lake, na mpiga picha kwa kamera yake. Lakini jembe haliotishi mbegu pasipo mvua, wala kamera haioni kitu pasipo nuru. Kamera ni jicho lisilo na akili. Nuru ndiyo inayolipa jicho hilo kitu cha kuona. Na mtu ndiye anayechagua nuru itoke wapi, iwe kali au laini, imwangukie nani na imwache nani. Katika uchaguzi huo imo sehemu kubwa ya sanaa ya picha za video, na imo pia sehemu kubwa ya haki yake.

Butimba ni mahali panapofaa kwa kulifikiri jambo hili. Upo kusini mwa mji wa Mwanza, katika barabara iendayo Nyegezi, ziwa likiwa upande mmoja na vilima vya mawe upande wa pili. Hapo pana chuo cha ualimu kinachojulikana kwa mafunzo ya sanaa, muziki na michezo. Pana gereza kuu. Pana makanisa, misikiti, kumbi na nyumba za watu wa kila hali. Mbele kidogo, Malimbe, ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ambacho asili yake ni kituo cha mafunzo kilichoanza Nyegezi mwaka 1960 na kuwa chuo kikuu mwaka 1998, na ambacho waandishi wa habari wengi wa nchi hii wamepitia. Kwa hiyo vijana wenye kamera si haba katika barabara hiyo. Jumamosi huonekana harusini, siku za mahafali huonekana vyuoni, na siku isiyo na ahadi huitwa msibani. Wengi hawakuwa na mwalimu ila kazi yenyewe, na swali la kwanza wanaloulizana ni moja: kamera gani? Swali hilo si baya, lakini limekaa katika kiti kisicho chake. Swali la kwanza ni nuru gani. La pili ni sauti gani. Kamera ije ya tatu.

Nuru ya kwanza ni jua, na jua la Mwanza lina tabia zake. Mji uko kiasi cha nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, na katika miezi mingine halipotoki mbali. Tena saa za Tanzania zimefuata mstari ulio mashariki mno, nje ya nchi kabisa, hivyo jua la Mwanza huwa nyuma ya saa ya ukutani: hufika juu kabisa saa saba kasoro kidogo, wala si saa sita kamili. Wakati huo nuru hushuka wima kama maji ya mfereji. Paji la uso hung'aa, macho huwa mashimo mawili, pua hutupa kivuli juu ya mdomo, na mtu mpole huonekana kama mtu mwenye kisirani. Kwa bahati mbaya, huo ndio wakati ambao maharusi wengi hutoka kanisani na kusimama uani ili wapigwe picha.

Dawa ya jua hilo haiuzwi ghali. Mwembe mmoja wenye kivuli kizito, ukutani pa nyumba iliyopakwa chokaa, au upande wa jabali usiopigwa na jua, panatosha. Mtu husimamishwa kivulini karibu na ukingo wake, uso wake ukielekezwa kwenye anga wazi, na nuru ya anga humjia kutoka pande nyingi kwa pamoja, laini kama pamba. Kama kivuli hakipatikani, shuka jeupe likishikwa na watu wawili juu ya kichwa chake hugeuza jua kali kuwa nuru pana. Na shuka la pili, likishikwa chini ya kifua, huirudisha nuru hiyo ndani ya macho. Wataalamu wa nchi tajiri hununua vitambaa na mbao za kurudishia nuru kwa fedha nyingi, na vyombo vyao hudumu na hukunjwa vizuri. Lakini nuru haijui bei ya kitambaa ilichopita. Inajua weupe wake, upana wake na umbali wake.

Ziwa nalo ni kioo kikubwa. Jioni, jua linapokaribia maji, nuru hutoka mahali pawili: mbinguni na ziwani. Nuru ya ziwani hupanda kutoka chini na kuujaza uso pale ambapo kivuli kingekaa. Ni zawadi kubwa, ila haisubiri mtu. Karibu na ikweta jua huenda chini kwa mwendo wa nyuzi 15 kila saa, karibu wima, na saa ya dhahabu inayosifiwa katika vitabu vya nchi za kaskazini hapa haifiki saa. Baada ya jua kuzama, dakika 20 na ushei hupita, na usiku umeingia. Mpiga picha wa Butimba anayetaka nuru hiyo hana budi kupanga mambo yake tangu mchana: stendi isimamishwe, betri zijazwe, watu wajue mahali pa kusimama, na maneno yawe yamekwisha kusemwa. Anayeanza kufungua mkoba jua linapogusa maji atapiga picha ya giza.

Ziwa hilohilo ni mtego kwa asiyeangalia. Mgeni akihojiwa mchana, hupendwa asimamishwe mgongo wake ukielekea maji, ili watazamaji wajue kuwa yuko Mwanza. Kamera iliyoachwa ijiamulie yenyewe hupima wastani wa yote inayoyaona. Ikiona maji yanayong'aa na anga jeupe, husema moyoni mwake, kama ina moyo, kwamba mahali hapa pana nuru mno, nayo hufumba jicho. Maji hutoka mazuri, mawingu hutoka mazuri, na mtu aliyeitwa aseme neno lake hutoka kivuli kisicho na sura. Hivyo mandhari hushinda mwenyeji wake. Dawa ni kuinyima kamera uamuzi huo: kiasi cha nuru kipimwe usoni pa mtu, na maji yaache yang'ae yatakavyo, au mtu ageuzwe, ziwa likae ubavuni, na uso upate haki yake.

Usiku watu wa ziwa wana elimu ya taa ambayo haikutoka katika kitabu chochote. Katika usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa dagaa hupangana majini mpaka mtu aliye kilimani hudhani kuna mji wa pili umejengwa ziwani. Kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Sasa taa za LED zinazotumia betri na nguvu ya jua zimeingia mitumbwini. Lakini mwezi unapokuwa mpevu nyavu hupumzika, kwa kuwa dagaa hawaifuati taa wakati ziwa zima linang'aa. Mvuvi hakuhitaji shahada kujua jambo hili: taa haina nguvu iliyo yake peke yake, nguvu yake ni tofauti iliyopo kati yake na giza linaloizunguka. Mpiga picha akilielewa neno hilo amepata nusu ya ujuzi wake. Taa ndogo ikiwashwa adhuhuri kupambana na jua ni kazi bure, bali taa hiyohiyo ikiwashwa magharibi, wakati anga limebaki na rangi ya bluu iliyokolea, huutoa uso gizani kwa upole na kuacha mji na ziwa vikionekana nyuma. Kabla ya kununua taa kubwa, yafaa mtu aulize kama anaweza kungoja giza kidogo.

Mvuvi anajua pia kwamba taa huita. Kando ya ziwa, taa ya mpiga picha huita vidudu kwa maelfu; huzunguka mbele ya kioo cha kamera, huingia kinywani mwa msemaji na kuanguka juu ya karatasi zake. Wenye uzoefu huwasha taa nyingine, kali zaidi, mbali na mahali pa kazi, ili iwe chambo cha vidudu. Kisha huwasha taa ya uso dakika ya mwisho, na kuizima mara neno linapokwisha.

Kanuni ya tatu ya taa ni ya hesabu, nayo haina huruma. Umbali ukizidishwa mara mbili, nuru hubaki robo. Jambo hili huonekana kuwa la darasani mpaka likutwe ukumbini. Bibi harusi ameketi mita 1 kutoka kwenye taa, na mama yake mzazi ameketi nyuma yake, mita 2 kutoka kwenye taa hiyo. Mama hupata robo ya nuru ya bintiye. Katika picha binti anawaka kama mshumaa, na mama, aliyeuza vitunguu sokoni ili siku hiyo ifike, amezama gizani. Fundi asiyejua hesabu atatafuta taa ya pili. Fundi anayejua ataisogeza taa ileile nyuma mpaka binti awe mita 3 na mama mita 4. Sasa mama anapata zaidi ya nusu ya nuru ya bintiye, na kamera itafunguliwa zaidi ili ilipe upungufu. Wote wawili wameonekana. Hakuna shilingi iliyotumika. Miguu imetembea hatua chache. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye kamera yafaa aambiwe, kwa maana jicho lake hutazama mahali anapolipwa.

Jambo la uso lina historia iliyo chungu. Filamu za rangi zilipotengenezwa katika nchi za Magharibi, rangi zake zilipimwa kwa picha ya mwanamke mweupe. Kampuni ya Kodak ilipeleka katika maabara kadi zenye picha ya namna hiyo, zikaitwa kadi za Shirley, na ngozi iliyo katika kadi ndiyo iliyohesabiwa kuwa ngozi ya kawaida. Mtu mweusi aliyeketi karibu na mweupe katika picha moja alipotea, yakabaki macho na meno. Watu wengi walidhani kosa ni la ngozi. Mtaalamu Lorna Roth wa Kanada, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2009, alionyesha kwamba miongoni mwa waliosukuma marekebisho walikuwamo watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao walilalamika kuwa rangi za bidhaa zao hazitofautiani katika picha. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja katikati ya miaka ya 1990. Husimuliwa pia kwamba Jean-Luc Godard, mtengenezaji filamu wa Ufaransa, alipoitwa na serikali ya Msumbiji katika miaka ya 1977 na 1978 kushauri juu ya televisheni, alikataa filamu za Kodak kwa sababu hiyohiyo. Yatosha kufikiri: malalamiko ya mbao na ya chokoleti yalipata sikio mapema kuliko malalamiko ya nyuso za watu.

Kamera za kidijitali za sasa zimepunguza dhuluma hiyo, hazikuifuta. Zikiachwa zijiendeshe, bado hutafuta wastani, na wastani haumjui mtu. Bwana harusi wa Butimba mwenye ngozi nyeusi, suti nyeusi, na ubavuni mwake gauni jeupe linalometameta, ni mtihani ambao mashine haiufaulu peke yake. Fundi mwema huanza na uso. Ngozi nyeusi hupendeza kwa kung'aa kwake. Hairudishi nuru kama ukuta uliopakwa chokaa, hurudisha kama mti wa mpingo uliosuguliwa. Kwa hiyo haihitaji taa kali mbele yake, ambayo huitia doa moja jeupe puani na kuacha mengine yote gizani. Inahitaji taa pana, iliyolainishwa kwa kitambaa, ikitoka ubavuni, ili mng'aro mrefu upite juu ya shavu na kuchora umbo la uso. Mafuta kidogo usoni husaidia, ilhali poda nyingi hudhuru, maana huua ule mng'aro. Ukuta wa nyuma usiwe mweupe wala usiwe mweusi. Na taa ndogo ya nyuma, ikigusa mabega na nywele, humtenga mtu na giza lililo nyuma yake. Hizo ndizo taa tatu zinazofundishwa kila mahali: taa kuu, taa ya kujaza na taa ya nyuma, lakini mahali pa kuziweka panatafutwa upya kwa kila uso.

Kuhusu aina za taa, yapo mambo matatu ya kujua kabla ya kutoa fedha. La kwanza ni rangi ya nuru yenyewe. Jua la mchana hupimwa kuwa kiasi cha 5,600 katika kipimo cha Kelvin, na taa za zamani za uzi wa moto kiasi cha 3,200. Ya kwanza ina ubuluu, ya pili ina umanjano. Jicho la mtu husamehe tofauti hiyo, kamera haisamehi. Ukumbi wenye madirisha ya jua upande mmoja, mirija ya taa ya kijani kibichi juu, na taa za mapambo za zambarau ukutani, humpa mtu mmoja nyuso tatu. Afadhali taa moja iliyo nyonge kuliko taa tano zisizopatana. Na mwenye ukumbi akiombwa kwa adabu azime mapambo kwa dakika chache wakati wa viapo, aghalabu hukubali.

La pili ni ukweli wa nuru. Taa za LED za bei ya chini hukosa baadhi ya rangi, hasa wekundu, na ngozi iliyo hai hutoka na rangi ya majivu. Kuna kipimo cha ukweli wa rangi ambacho ukomo wake ni 100. Taa ya kazi hii isipungue 95. Herufi na tarakimu hizo huandikwa juu ya boksi, lakini boksi lisiaminiwe kuliko macho. Mnunuzi aiwashe taa dukani, aweke mkono wake mbele yake, kisha autoe mkono huohuo nje juani. Mkono ukibadilika na kuwa wa mtu mwingine, taa hiyo ibaki dukani.

La tatu ni umeme. Soketi ya kawaida ya nyumbani, yenye ampea 13 katika volti 230, hubeba chini kidogo ya wati 3,000. Taa mbili za zamani za wati 2,000 kila moja zikichomekwa pamoja katika soketi moja, ukumbi mzima unaweza kulala gizani katikati ya sala. Taa za LED hutumia sehemu ndogo ya umeme huo, hazichomi vidole, na huenda kwa betri umeme unapokatika, jambo ambalo mkazi wa Mwanza hahitaji kuelezwa. Jenereta nayo ni rafiki mwenye kelele: humpa mtu nuru na kumnyang'anya sauti. Tena umeme wa Tanzania hutetema mara 50 kwa sekunde, na taa nyingi zinazoutumia hupepesa mara 100. Kamera iliyotoka kiwandani ikiwa imepangwa kwa desturi ya Marekani, yenye umeme wa mara 60, hutoa michirizi inayopanda na kushuka juu ya picha. Ikipangwa kwa picha 25 kwa sekunde, na kufumba na kufumbua kwake kukawa sehemu 1 ya 50 ya sekunde, michirizi hutoweka. Wangapi wamelaumu kamera na kuitupa, kumbe iliomba kubadilishiwa tarakimu moja!

Baada ya nuru ndipo zije mali nyingine. Sauti huja mbele, kwa kuwa mtazamaji huvumilia picha yenye giza, asivumilie maneno asiyoyasikia. Upepo wa ziwa ukiingia katika maikrofoni isiyovikwa manyoya hunguruma kama gari bovu. Maikrofoni ndogo ya kifuani, ikifichwa chini ya vazi, huokoa kazi. Stendi imara ni bora kuliko kamera mpya inayoshikwa na mkono unaotetemeka. Lenzi yenye kinywa kipana, hata ikiwa ya zamani, huona katika ukumbi ambamo lenzi ya kawaida hupapasa. Na kitu kisichonunuliwa kila siku kinaweza kukodiwa siku kinapohitajika. Aliye na fedha chache, akizigawa zote katika kamera, amenunua jicho zuri na kuliweka katika chumba kisicho na dirisha.

Uchaguzi wa vyombo umepata kuamua nani aone na nani asikie katika nchi hii kwa muda mrefu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palifanyika jaribio la Waingereza la kutengeneza filamu za mafunzo kwa ajili ya Waafrika, likiongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham. Walichagua filamu nyembamba ya milimita 16 kwa urahisi wa gharama, na sauti wakaiweka katika sahani za santuri mbali na picha. Uchaguzi huo ulikuwa na hekima yake: picha moja iliweza kusemeshwa kwa lugha nyingi, na lori lililobeba vyombo likazunguka nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki na Kati. Ulikuwa na hasara pia, maana sauti haikuwa safi. Lakini upungufu mkubwa haukuwa wa santuri. Waliochagua kisa, mahali pa kamera na neno la kusema hawakuwa wale walioonekana katika picha. Mwafrika alitiwa nuru, hakushika taa.

Mwanza yenyewe ilipata mtihani wake karne hii. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper, mzaliwa wa Austria, iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza na kando ya ziwa, juu ya sangara, samaki aliyepandwa ziwani katikati ya karne ya 20 na ambaye minofu yake husafirishwa Ulaya kwa ndege. Mtengenezaji huyo alikuja na kikundi kidogo mno na kamera ndogo, na ndivyo alivyoweza kuingia mahali ambapo malori ya taa yasingeingia: vyumba vya kulala, baa, kambi za wavuvi, uwanja wa ndege usiku. Nyuso nyingi katika filamu hiyo ziko katika nuru hafifu iliyokutwa mahali pale. Filamu ilipata tuzo ya César nchini Ufaransa mwaka 2006 na ilikuwa miongoni mwa zilizoshindania Oscar mwaka huohuo. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani, na watu wa Mwanza waliandamana kuipinga. Wapo waliosema kwamba picha za mapanki yaliyoanikwa juani, na za watoto wa mitaani usiku, zilimulika kipande cha mji kana kwamba ndio mji mzima. Wapo waliosema kwamba kipande hicho kilikuwapo, na kwamba anayechukia kioo na ausafishe uso.

Hapana haja ya kuamua ugomvi huo hapa ili kupata somo lake. Kamera ndogo na nuru hafifu humleta mtazamaji karibu, naye huamini kwamba yuko mahali penyewe na hakuna mtu kati yake na ukweli. Hapo ndipo mpiga picha anapopaswa kujihoji kwa ukali zaidi, kwa maana mkono usioonekana nao ni mkono. Kuchagua usiku badala ya mchana ni hoja. Kuchagua kuwaacha watu gizani ni hoja. Na kuwaosha kwa taa kali mpaka umaskini wao ukaonekana kama tangazo la biashara ni hoja pia. Nuru iliyokutwa mahali si kweli zaidi kuliko nuru iliyoletwa. Kila moja imechaguliwa, na mchaguzi ana la kujibu.

Sheria ina sehemu yake. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Namba 4 ya mwaka 1976 iliweka utaratibu wa vibali. Na anayetaka kurusha kamera angani kwa ndege ndogo isiyo na rubani huhitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mahali pengine, kama penye gereza, kamera haielekezwi tu kwa kuwa nuru ni nzuri. Lakini sheria ni ukuta wa nje wa nyumba. Ndani ya nyumba kuna adabu. Hakuna sheria inayomkataza mpiga picha kuwasha taa ya wati 300 machoni pa mjane aliyeketi kwenye mkeka msibani. Inamkataza utu. Fundi mwenye utu huvua viatu, husalimu wazee, humwuliza msemaji wa familia ni nini kionekane na nini kisionekane, kisha hufungua dirisha badala ya kuwasha taa. Picha itakuwa na punje punje kwa uhaba wa nuru. Na iwe nazo. Miaka 20 baadaye familia itakapoitazama, hakuna atakayehesabu punje. Watamtafuta aliyekuwapo, alivyokaa, na aliyemshika mkono.

Kuna wazazi ambao sura yao pekee inayotembea na kusema itakuwa ile iliyopigwa harusini kwa mtoto wao, na kijana mwenye kamera kwa ujira wa siku moja ndiye aliyeshika hatima ya sura hiyo. Akijua hesabu ya umbali, tabia ya jua la mahali pake na thamani ya shuka jeupe, hahitaji kuwa tajiri ili awe mwadilifu. Asipojua, kamera ya gharama kubwa kuliko zote itamsaidia kukosa kwa usafi mkubwa zaidi. Kwa hiyo atakayejifunza kazi hii Butimba, au mahali popote, na aanze kwa kuzima kamera. Atembee chumbani, atazame nuru inaingia wapi na inamwacha nani. Akishamwona aliyeachwa, ajue ya kwamba kazi yake imeanza.